Maswali ya Wasomaji: Hariri za Mawingu

Picha ya joho la ikati la Bukhara tuliyoiweka toleo lililopita imetuletea barua nyingi, karibu zote za hapa Nairobi. Wapo waliorithi vipande, na wapo walionunua kwa wageni waliokuwa wakiuza vyombo vya nyumba kabla ya kuhama. Tumechagua barua sita.

Kwa anayeanza: ikati ni kitambaa ambacho nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Neno lenyewe ni la Kimalei, lenye maana ya kufunga. Huko Bukhara, Samarkand na Bonde la Fergana, Asia ya Kati, kazi hii huitwa abrbandi, yaani kufunga mawingu. Vipande vinavyotafutwa zaidi na wakusanyaji ni vya karne ya 19.

Hamjambo wahariri. Nauza vitambaa Biashara Street. Wateja huniletea vitambaa vyenye maua yaliyofifia kingo na kuniambia ni ikati ya zamani. Nitaitofautishaje iliyofumwa na iliyochapwa bila kuharibu mali ya mtu? — Muuza vitambaa

Hatujambo ndugu. Geuza kitambaa kwanza. Kilichochapwa mara nyingi huwa na uso mkali na mgongo uliopauka, kwa sababu rangi imewekwa juu tu. Ikati ina rangi ileile pande zote mbili. Ila usiishie hapo, maana kitambaa chepesi kikichapwa kwa rangi nyingi, rangi hupenya hadi nyuma.

Kipimo cha pili ni kigumu kughushi. Katika ikati za Asia ya Kati, nyuzi zinazofungwa na kutiwa michoro ni za mtande pekee, yaani zile za urefu. Mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, huwa wa rangi moja toka ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo ua hufifia kuelekea juu na chini tu, kwa kufuata urefu wa jora, kwa vijilimi vinavyopishana urefu. Ubavuni ua hukoma kwenye uzi mmoja, kana kwamba limekatwa kwa wembe. Vijilimi hutokea kwa sababu rangi hupenyeza kidogo chini ya kifungo, na nyuzi nazo huteleza kidogo zinapotandwa kwenye mtambo. Mchapaji huweza kuchora vijilimi vya kuiga, lakini chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na utazame uzi mmoja mmoja. Kwenye chapa utaona rangi inaishia katikati ya unene wa uzi, na pale mtande unapozama chini ya mshindio kumebaki weupe. Kwenye ikati uzi umelowa rangi hadi moyoni.

Upana nao unasema. Mitambo ya mkono ya karne ya 19 ilitoa kitambaa chembamba, kwa kawaida sentimita 30 hadi 45. Pazia la ukutani la zamani ni vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa sindano, na aghalabu maua hayakutani sawasawa kwenye mshono. Kitambaa cha upana wa mita moja kisicho na mshono ni cha kiwandani.

Mwenye mali akikubali, toa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio ndani ya mshono. Sentimita moja inatosha. Uchome kila mmoja peke yake kwa kibano. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, hujikunja ikiukimbia moto na kuacha chembe nyeusi inayosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu. Viskosi huungua kama pamba ingawa inang'aa kama hariri, na hapo ndipo wengi hukosea. Tunasisitiza kila mmoja peke yake kwa sababu adrasi, kitambaa kinachopatikana zaidi, kina mtande wa hariri na mshindio wa pamba. Ukizichoma pamoja majibu yatachanganyika. Shohi ni hariri tupu. Atlasi ni ile yenye ufumaji wa kuteleza, na nyingi zilizopo sokoni ni za karne ya 20.

Assalaam aleikum. Nyanya yetu, Mungu amrehemu, ametuachia joho la rangi nyingi lililotoka Bukhara. Bitana imechakaa na kwapa moja limechanika. Fundi anataka kuing'oa bitana na kutia ya satini mpya. Pia tungependa kujua ni la miaka mingapi. — Mama wa Eastleigh

Waaleikum salaam, mama, na poleni kwa msiba. Tafadhali mwambie fundi asiguse bitana hiyo. Umri wa joho husomwa kwenye mambo manne: kitambaa cha nje, bitana, taraza na mishono. Akiing'oa bitana atakuwa ameondoa mawili kati ya hayo, na hakuna atakayeweza kuyarudisha.

Anza na bitana yenyewe. Pamba yenye maua mekundu au vijitawi vilivyojaa mara nyingi ni chapa ya viwanda vya Urusi, vikiwemo vya Moscow na Ivanovo, ambavyo viliuza sana Asia ya Kati. Kagua pembe na mikunjo yote, kwa kuwa baadhi ya vipande vimebaki na muhuri wa kiwanda kwa herufi za Kirusi. Kumbuka tu kwamba bitana husema umri wa bitana. Majoho yalibadilishwa bitana yalipochakaa. Ikiwa mishono ya joho ni ya mkono na ya bitana ni ya cherehani, basi bitana ilikuja baadaye.

Kisha angalia mabega. Joho la zamani halina mshono begani: kitambaa kimepita juu ya bega kikashuka mbele na nyuma, na mikono imeunganishwa pembeni kama herufi T. Pindoni, upande wa ndani, kwa kawaida kuna ukanda wa ikati nyingine ya rangi tofauti, na ukingoni kabisa kuna taraza nyembamba iliyosukwa papo hapo juu ya kitambaa. Taraza iliyoshonwa kwa cherehani imewekwa baadaye. Na kama chini ya makwapa kumekusanywa marinda madogomadogo pande zote mbili, hilo ni munisak, joho la kike.

Rangi ndiyo inayohitaji jicho zaidi. Kabla ya rangi za viwandani, nyekundu ilitokana na mizizi ya mmea wa ruyan au wadudu wa kochinili, manjano na ua la nyikani liitwalo isparak, buluu na nili iliyoletwa kutoka India. Kijani kilipatikana kwa kuchovya manjano kisha nili, na zambarau kwa nyekundu kisha nili. Ukitazama kwa lenzi ukingo wa jani la kijani, mara nyingi utaona mstari mwembamba wa manjano au wa buluu mahali kifungo kimoja kilipokosea kingine. Huo ni uzuri, na pia ni ushahidi.

William Henry Perkin alipata zambarau ya kwanza ya maabara mwaka 1856. Rangi za aina hiyo zilienea Asia ya Kati baada ya Warusi kuiteka Tashkent mwaka 1865, kuishinda Samarkand mwaka 1868 na kuifuta dola ya Kokand mwaka 1876. Zile za mwanzo zilikuwa dhaifu kwenye mwanga. Kwa hiyo panua mkunjo wa mshono kwa ncha butu ya sindano, bila kukata kitu. Ikiwa nje ni kijivu na ndani ya mkunjo ni zambarau au waridi linalowaka, una rangi ya maabara, na joho haliwezi kuwa la kabla ya kipindi hicho. Ikiwa ndani na nje vinakaribiana na nyekundu bado ina kina, matumaini ni makubwa zaidi. Michoro nayo inasaidia: ya katikati ya karne huwa mikubwa, yenye nafasi na rangi nyingi, hata saba, ya mwishoni mwa karne huwa midogo, imebanana, na rangi zake zimepungua.

Kuna kipimo kingine ambacho duka lolote la M-Pesa laweza kukusaidia: taa ya kukagulia noti. Iwashe gizani juu ya mishono. Nyuzi nyeupe za pamba za siku hizi hung'aa buluu kwa sababu ya dawa ya kung'arisha iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mshono mmoja uking'aa, hapo pamerekebishwa. Joho zima liking'aa, huenda liliwahi kufuliwa kwa sabuni ya unga, basi usilihukumu haraka.

Kuhusu kwapa: fundi atie kiraka chembamba cha hariri iliyotiwa rangi ya kufanana, kati ya kitambaa na bitana, kisha alaze nyuzi zilizolegea juu ya kiraka na kuzishika kwa mishono mirefu ya uzi mwembamba wa hariri, kila baada ya milimita 4 au 5. Asivute. Asitumie gundi wala kitambaa cha kubandika kwa pasi. Bitana iliyochakaa ifunikwe kwa wavu mwembamba ulioshonwa pembeni na ibaki mahali pake.

Wageni walinimwagia chai ya maziwa kwenye kipande changu cha adrasi. Dobi anasema atakifua kwa maji baridi na sabuni ya mche. Nimpe? — Msomaji wa South B

Usimpe, na usikipeleke draiklini pia.

Adrasi ikitoka mtamboni hupakwa ute wa yai au gundi, kisha hupigwa kwa nyundo nzito za mbao mpaka ipate ule mng'ao wa mawimbi. Maji huondoa mng'ao huo na haurudi. Pili, hariri na pamba hazirudi sawa zikilowa: mshindio hujikaza, mtande hubaki, na kitambaa hujikunyata daima. Tatu, nyekundu na zambarau za maabara huvuja na kuingia kwenye maua meupe. Nne, sehemu nyeusi na kahawia mara nyingi zilitiwa rangi kwa chuma, na chuma hicho kimekuwa kikiula uzi miaka yote hii. Ndiyo maana utakuta mistari myeusi imepukutika huku nyekundu iliyo kando yake ikiwa nzima. Nyuzi hizo zikilowa na kusuguliwa zitabaki kwenye maji ya dobi.

Chai ikiwa bado mbichi, ikandamize kwa kitambaa cheupe cha pamba, bila kusugua, ukibadilisha upande safi kila mara. Ikishakauka, kwanza pima uimara wa rangi. Chovya pamba ya masikio kwenye maji yaliyokenekwa yanayouzwa duka la dawa, ikamue, igandamize kwenye kila rangi kwa nusu dakika mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, acha. Hata isipotoka na rangi, ushauri wetu ni kuliacha doa la zamani. Hofu yetu kubwa ni sukari na maziwa, kwa kuwa huita wadudu, basi kipande hicho kikague kila mwezi.

Vumbi linatoka kwa mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ya chini kabisa. Tandaza wavu wa dirisha wa plastiki juu ya kitambaa, kingo zake zikiwa zimefungwa utepe zisikwaruze, kisha pitisha mdomo wa mashine sentimita moja juu ya wavu, kwa kufuata mtande. Mahameli ipitishwe kwa kufuata mlalo wa manyoya yake.

Tunakaa fleti Kilimani, ghorofa ya kwanza, na msimu wa mvua kabati hunuka uvundo. Nimeona nyuzinyuzi nyeupe na chembe kama mchanga kwenye mkunjo wa kipande changu cha mahameli. Naftalini itasaidia? — Msomaji wa Kilimani

Hizo chembe ni mavi ya funza wa nondo. Zitazame: huwa na rangi ya kitambaa chenyewe. Nondo mzima hali kitambaa. Anayekula ni funza, na hutafuta hariri na sufu, hasa palipo na jasho au chakula. Naftalini hunuka sana na kudhuru pumzi zenu ndani ya fleti, na harufu yake hubaki kwenye uzi. Iacheni.

Dawa ni baridi. Funga mahameli kwa amerikani safi, uiviringe taratibu, uitie kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa na uzibe kwa utepe. Weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Siku ya kuitoa usifungue mfuko: uache saa 24 mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda kwenye hariri badala ya kwenye nailoni. Wakati huohuo safisha kabati lote kwa mashine, hadi kwenye nyufa, kwa kuwa mayai yamo humo.

Kisha mahali pa kuhifadhia. Omba kwa wauza mazulia roli tupu la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10. Karatasi hiyo ina asidi, basi ifunike yote kwa foili ya jikoni, halafu juu yake amerikani iliyofuliwa mara mbili kwa maji moto bila dawa ya kulainisha, ili wanga wote utoke. Wanga huvuta wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia chini ya vitabu. Viringa kitambaa kwa kufuata urefu wa mtande, manyoya ya mahameli yakitazama nje, ukiweka amerikani nyingine katikati. Funga kwa kanda pana za pamba, bila kukaza. Usitumie mpira wala nailoni ya kudumu, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Roli likae rafu ya juu, mbali na ukuta wa nje na bomba, na wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei mlango wa kabati ubaki wazi kidogo mchana. Kasha la mbao linafaa likitandikwa foili na amerikani ndani.

Joho lenye bitana haliviringwi. Lilaze, na kila mkunjo uwekewe tumbo la amerikani lililosokotwa, unene wa kifundo cha mkono. Badilisha mahali pa mikunjo kila miezi mitatu.

Naweza kulitundika sebuleni kipande changu mwaka mzima? — Msomaji wa Lavington

Miezi mitatu, kisha lipumzike gizani hadi mwaka ujao. Hasara ya mwanga hujumlishwa na hairudi nyuma. Makumbusho hushika mwanga wa lukisi 50 kwa hariri, yaani hafifu wa kuweza tu kuona rangi vizuri. Jua la Nairobi ni kali kwa sababu ya mwinuko wetu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ukuta unaotazama kaskazini hupigwa jua mwezi wa Juni na wa kusini mwezi wa Desemba. Tundika kwenye ukuta wa ndani wa korido. Kioo cha kuzuia miali ya urujuanimno husaidia ila hakizuii mwanga wenyewe.

Mtengeneza fremu asitumie gundi, stepla wala ubao wa emdiefu. Kitambaa kishonwe juu ya amerikani iliyovutwa kwenye fremu, na kioo kikae angalau milimita 5 mbali nacho, 10 kwa mahameli.

Nataka kununua kipande cha kwanza kwa muuzaji wa ng'ambo, kwa picha tu. Joho zima siliwezi. Niangalie nini? — Kijana wa Ngara

Kipande kidogo kilicho kamili kinafundisha kuliko joho lililokarabatiwa kila mahali. Kamili tunamaanisha kina kingo zote mbili za kufumwa, na urefu unaofikia ua lote mpaka lianze kujirudia. Bila hivyo hujui mchoraji, yule anayeitwa nishonzan, alipanga nini.

Omba picha sita: mbele, nyuma, pembe moja kwa karibu sana, kitambaa kikiwa kimeinuliwa dirishani ili matundu yaonekane, kikiwa kimemulikwa kutoka ubavuni, na futi ya kupimia ikiwa juu yake. Muuzaji asiyetaka kuonyesha nyuma, mwache. Nyuma ikiwa imebandikwa kitambaa kwa joto, mwache vilevile, maana gundi hiyo haitoki bila kuondoka na hariri. Jihadhari na palipopakwa wino kuficha uchakavu: pale hariri ilipoisha, mshindio wa pamba hujitokeza, na wadanganyifu huupaka rangi ya mtande. Mshindio ukibadilika rangi ghafla ndani ya ua, umepakwa. Ukahawia uliosambaa sawa kila mahali, hata ndani ya mishono, mara nyingi ni chai iliyotumika kukizeesha.

Mahameli ndiyo ghali kuliko zote, na ina haki yake: manyoya yake hula mtande mara kadhaa ya urefu wa kawaida, kwa hiyo mchoro hufungwa ukiwa umevutwa sana ili ufike kipimo chake ukishafumwa. Wewe anza na adrasi. Kabla ya kulipa, linganisha na mikusanyo iliyo wazi kwenye tovuti za Makumbusho ya Kitaifa ya Sanaa ya Asia ya Smithsonian huko Washington, iliyopokea sehemu ya mkusanyo wa ikati wa Guido Goldman, na Victoria and Albert ya London.

Makaratasi yasikuponyoke. Uzbekistan hairuhusu vitu vya zaidi ya miaka 50 kutoka bila kibali cha wataalamu wa utamaduni, basi kikitoka huko moja kwa moja, omba nakala ya kibali kabla ya kutuma fedha. Ankara iandike kitambaa, nyuzi, vipimo, umri na nchi. Vitu vya zaidi ya miaka 100 vina fungu lao la forodha, 9706, na wakala wako hapa ataliulizia.

Na wakati unaweka akiba, nunua mita mbili za adrasi mpya ya mji wa Margilan, Uzbekistan. Kazi ya kituo cha ufundi cha huko ya kuhifadhi atlasi na adrasi iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya mifano bora ya uhifadhi mwaka 2017, na kitambaa bado kinafungwa na kufumwa kwa mkono. Kikate kingo, vuta nyuzi zake, zichome, kiloweshe kipande kimoja uone kinavyojikunyata, kingine kianike dirishani kwa miezi miwili. Makosa yote yafanye humo.